Ua wa Mama Mkwe Chini ya Bwawa

Siku nilipokabidhi funguo za banda la mashua, Wairimu, ambaye sasa ndiye mkuu wa banda, hakuniuliza habari za rangi wala matanga. Aliniuliza kwa nini kila mwaka, kabla msimu haujafunguliwa, nilikuwa nawatembeza wafanyakazi wote wa klabu chini ya bwawa bila viatu, hata wapishi. Nikamwambia hiyo ni hadithi ndefu, nitaiandika nikishapumzika. Nimepumzika wiki mbili na nimechoka kupumzika, kwa hivyo naandika. Anayetaka kujua nililipwa ngapi na nani alikuwa mwenyekiti mwaka gani, afungue kabati la ofisi. Yote yamo humo, pamoja na panya.

Wageni hucheka wakisikia kuna klabu ya mashua huku kwetu kati ya Nyeri na Nanyuki. "Mashua za kwenda wapi?" Za kwenda na kurudi, huwa nawajibu. Bwawa letu linapata maji kutoka mlimani. Kiangazi kikikaza, maji yanarudi nyuma na kuacha ardhi nyeusi iliyo wazi, na udongo mzuri kama ule huupati kuanzia hapa hadi Timau. Majirani hulima humo viazi, kabeji na minji kwa makubaliano ya miaka mingi na klabu, na kwa sababu ng'ombe ni wengi, wanazungushia mashamba yao nguzo na waya wa seng'enge. Mvua za masika zikikaribia, wanavuna na kung'oa nyua zao. Hapo ndipo penye hatari. Nguzo ikisahaulika, maji yanaifunika ikiwa imesimama wima na waya wake, na baada ya wiki chache kuna watoto wanaangukia majini juu yake.

Niliingia klabu nikiwa seremala kutoka Othaya, mtu wa madawati na majeneza. Nilikuwa nimeitwa kurekebisha mlango. Aliyenipokea ni Mzee M'Ikiara, Mmeru wa upande wa Timau, mfupi, mwenye masikio makubwa, aliyezitunza zile mashua tangu enzi za wazungu waliozileta. Mlango niliumaliza kabla ya saa nne. Akaufunga, akaufungua, akaufunga tena. Kisha akaniambia, "Toa viatu."

"Nitoe viatu kwa nini, mzee?"

"Mimi nimesema utoe. Sijasema uulize."

Nilidhani ananipeleka kuona mashua. Alinipeleka palipokauka, tukatembea shamba hadi shamba kwenye matope ya kufika vifundoni, yeye akiwa na daftari la shule lililofungwa kwa mpira. Kila shamba liliandikwa jina la mwenyewe. Tukishalikanyaga lote, anatia tiki. Mahali pamoja mwanamke alitupigia kelele kutoka ukingoni kwamba ameshatoa posti zote, yaani nguzo, tusijisumbue. M'Ikiara alimpungia mkono akaendelea kukanyaga, na hatua kumi hazikuisha kabla ya kupata kisiki cha nguzo kilichokatwa kwa panga, kimebaki urefu wa kidole, kikali.

"Gumboot haiwezi sikia hii," alisema. "Na huyo mama si muongo, amesahau tu. Mtu akikwambia ametoa, sema asante, halafu enda ukanyage."

Kazi ya mashua yenyewe alinifundisha baadaye, na nitaitaja kwa ufupi kwa sababu Wairimu anaijua kuliko mimi. Ubavu wa mashua unaugonga kwa mpini wa mwiko, kutoka mbele hadi nyuma. Ukilia kama debe, uko mzima. Ukilia kama kiazi, kuna maji yameingia ndani na usipoteze rangi yako hapo. Siku ya ukungu wa mlimani usipake vanishi, hata mwenyekiti akikuharakisha. Majaketi ya kujiokolea unayafunga mawe na kuyazamisha kwenye pipa tangu asubuhi hadi jioni, kisha unafungua mawe. Jaketi lisilopanda juu unalikata kwa kisu saa hiyo hiyo, usije ukalionea huruma mwaka ujao.

Baada ya miaka michache nikaoa. Nyambura alikuwa binti wa ng'ambo ya bwawa, na mama yake alikuwa mmoja wa wale wanaolima chini. Hapo lazima nieleze jinsi nilivyolelewa, maana vijana wa siku hizi wanapiga picha wakiwakumbatia mama wakwe. Sisi tulifunzwa kwamba mama mkwe humsalimii ukimtazama machoni, huli mbele yake, na huingii shambani mwake kupekuapekua. Yeye naye hakutaji jina. Mimi nilikuwa "Baba Wangari" tangu mtoto wetu wa kwanza azaliwe, na hata hilo alilisema akiangalia kando. Ukiwa na neno, unamtuma mke wako. Ni heshima, na mimi niliishika sana, labda kwa sababu ilinifaa. Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti, na nilimwogopa.

Mzee M'Ikiara aliliona hilo bila kuambiwa. Kila mwaka tulipofika kwenye shamba lake, mzee alinipa daftari nishike, akaingia peke yake. Mimi nilibaki nje nikijifanya kuangalia mawingu. Hatukuwahi kulizungumzia. Alipostaafu na kurudi kwao, daftari likabaki kwangu, na lile shamba nalo.

Mwaka wangu wa kwanza kuwa mkuu wa banda ndio mwaka kiangazi kilipokuwa kirefu kupita kiasi. Maji yalirudi nyuma mbali, watu wakayafuata na majembe. Mama mkwe aliongeza shamba la pili, chini zaidi, akalizungushia nguzo za mtarakwa na waya mistari miwili, kwa sababu ng'ombe wa watu walikuwa na njaa na hawakuogopa mstari mmoja. Niliziona zile nguzo kutoka kwenye gati, pale tunapofungia mashua. Zilikuwa nguzo nzuri sana, na kama seremala nilizisifu moyoni.

Wiki ya kutembea chini ilipofika nilikanyaga mashamba yote pamoja na wenzangu wawili. Tulipofika kwa mama mkwe niliwaambia waendelee mbele, hapo nitapashughulikia mimi. Jioni nikamtuma Nyambura. Kesho yake aliniambia, "Mum amesema ametoa." Nikachukua kalamu nikatia tiki. Nakumbuka niliitia haraka, kama mtu anayepita kwenye mlango ambao hataki kuonekana akitoka. Siku iliyofuata mvua ilianza mlimani, mito ikashuka na magogo, na bwawa ambalo kwa kawaida linajaa kwa mwezi mmoja likajaa kwa siku chache.

Siku ya ufunguzi ilikuwa Jumamosi. Walikuja watoto wanane wapya kutoka shule za Nanyuki, Nyeri na Timau, wawili wawili katika mashua nne ndogo. Kila mtoto mpya siku ya kwanza lazima aipindue mashua makusudi, aanguke majini, kisha ainyanyue. Ni zoezi zuri, linaondoa woga. Tunalifanyia kwenye ghuba ya mashariki kwa sababu upepo huko si mkali. Mwalimu wao, Mwenda, alikuwa kwenye boti ya injini akiwasimamia. Majirani walikuwa wamejaa kwenye nyasi kutazama, na mama mkwe wangu akiwa kati yao, amekaa upande ambao hatutaonana. Nyambura alikuwa jikoni akisaidia kupika chai.

Niliingia kuchukua kikombe. Kwa kunipa mazungumzo tu, Nyambura akasema, "Mum analilia posti zake."

"Posti gani?"

"Za mtarakwa, za huko chini. Kariuki alikuwa atoke Nanyuki weekend azing'oe, maji ikafika kwanza."

Kariuki ni kaka yake, anafanya kazi ya hoteli. Nilimgeukia. "Nyambura. Si ulisema ametoa?"

"Alitoa za kabeji, za juu. Hizo ndizo uliniambia nimuulize. Za chini hukuuliza."

Ni kweli sikuuliza. Nilikuwa nimesema "ile fence ya mum" kana kwamba ni moja, ili mazungumzo yaishe upesi. Na lile shamba la chini, nikilikumbuka vile nilivyoliona kutoka kwenye gati, lilikuwa ghuba ya mashariki.

Sikumbuki niliweka wapi kikombe. Nilifika kwenye gati nikaingia kwenye boti ya makasia, nikapiga makasia huku nimegeuza shingo nikipiga kelele, "Mwenda! Wakae! Wasipindue!" Upepo ulikuwa unanipiga usoni na kunirudishia maneno. Mwenda alinipungia mkono, akidhani namsalimia. Na wakati huo huo mashua ya buluu ikainama, mlingoti ukalala juu ya maji, watoto wawili wakaanguka. Kichwa kimoja kiliibuka kikicheka, msichana akapanda juu ya mashua iliyolala. Kichwa cha pili kiliibuka hadi mdomoni, kikasimama hapo.

Alikuwa Makena, wa darasa la sita, wa Timau. Jaketi lilikuwa linamvuta juu na kitu kilikuwa kinamvuta chini. Kila wimbi dogo lilipopita lilimfunika pua, na likishapita alikohoa. Mwenda akawasha injini amfuate.

"Zima!" nililia. "Kuna seng'enge! Zima!"

Nafikiri hakusikia neno bali aliuona uso wangu. Akazima. Pangaboi la injini lingeukamata ule waya na kuukaza wote, na mtoto angeenda chini nao. Nilimwambia awaweke wengine wameketi, asimruhusu hata mmoja kuteleza majini.

Nilifika hatua kama kumi kutoka kwa Makena nikaacha kupiga makasia. Maji pale yalikuwa ya kunifika kifuani, ningeweza kusimama. Lakini nikishuka na kukanyaga waya mahali popote, nitauvuta, na ukivutika pale nilipo unashuka pale alipo yeye. Sikujua ua unapita wapi. Ningekuwa nimelikanyaga lile shamba wiki tatu kabla, ningejua kila kona yake. Nilikaa kwenye boti na kisu mkononi, seremala mzima, siwezi kwenda mbele wala nyuma, na mtoto ananiangalia.

"Wachira!"

Hakuna mtu katika ukoo wa mke wangu aliyekuwa amewahi kuniita hivyo. Mama mkwe wangu alikuwa ameingia majini hadi magotini, leso imemwanguka, mikono yote miwili juu.

"Wachira! Hapo uko juu ya waya! Usishuke! Rudi nyuma!"

Nikarudi nyuma. "Mama, inapita wapi?"

"Ingia kwa geti! Geti nilitoa nikapeleka nyumbani, hapo iko wazi!"

"Geti iko wapi?"

"Angalia ule mkaratusi umekauka! Sasa angalia mlango ya choo ya klabu! Kaa katikati yao! Hapana hapo, kuja huku kidogo! Kidogo tena! Hapo! Shuka!"

Nilishuka. Maji ya mlimani yalinikata pumzi. Nilisimama kwenye udongo laini wa shamba la mama mkwe, kwenye matuta ya viazi vyake, na sikugusa kitu.

"Tembea mbele. Pole pole. Usiende kushoto, kushoto ni waya mbili! Mbele. Mbele. Simama! Sasa yuko mbele yako, nyoosha mkono!"

Nikanyoosha, nikamshika Makena kidevuni na kumwinua. Nilimuuliza anaitwa nani, kwa sababu sikuwa na jambo lingine la kumwambia. Mkono wa pili niliushusha kwenye mguu wake hadi nikaufikia waya. Miiba ilikuwa imeshika suruali ya mazoezi, na mmoja ulikuwa umeingia nyama nyuma ya goti. Nguo niliikata. Ule wa kwenye nyama hautakiwi kuvutwa, unausukuma ulikotoka, na nikausukuma. Akapiga ukelele ulioufikia mlima. Nilifurahi kumsikia, maana asiye na hewa hapigi kelele. Kisha nikambeba juu ya maji na kurudi naye kwa njia ile ile, sauti ya mama mkwe ikinielekeza hadi kwenye boti.

Hospitalini alishonwa nyuzi tisa. Jioni hiyo kamati ilikaa, na mwenyekiti, kwa nia njema, akasema iandikwe kwamba ulikuwa waya wa zamani usiojulikana. Nikamwambia ulijulikana. Mwenye waya anajulikana na aliyetia tiki anajulikana, andika jina langu. Akaandika. Sikujisikia shujaa hata kidogo, nilijisikia mtu mchafu anayeomba maji ya kunawa.

Jumapili niliazima gari niende Timau kwa mama yake Makena. Nilipopita kwenye kona ya kwao Nyambura, mama mkwe alikuwa amesimama kando ya barabara na nguo za kanisani. Nikasimamisha. Alifungua mlango wa nyuma mwenyewe.

"Posti ni yangu," alisema. "Twende."

Tukaenda Timau. Mama Makena anafanya kazi kwenye shamba la maua, na siku hiyo alikuwa ameomba ruhusa. Alitukaribisha sebuleni, Makena akiwa kwenye kochi, mguu juu ya mto. Akatuletea chai. Hapo nikawa na kikombe mbele ya mama mkwe wangu, jambo ambalo babu yangu hangeamini, na mama mkwe akaniashiria kwa kidevu ninywe. Nilieleza yote. Nilieleza daftari, tiki, mzee M'Ikiara, na kwamba niliona haya kuingia shambani. Mama mkwe akaeleza yake, kwamba alingoja mwanawe na hakuona haja ya kutuma neno klabuni, kwa sababu klabuni yuko mkwe wake. Tuliomba msamaha kila mmoja kwa namna yake, na tuliomba kwa muda mrefu.

Mama Makena hakulia wala hakutupigia kelele. Afadhali angepiga.

"Hiyo posti iko wapi sasa?" aliuliza.

Mimi na mama mkwe tukaangaliana, machoni kabisa.

"Bado iko," mama mkwe alisema.

"Ndani ya maji?"

"Ndani ya maji."

"Zote?"

"Zote."

"Na nyinyi mko hapa mnakunywa chai yangu."

Tuliweka vikombe chini. Sijawahi kuendesha gari kwa haraka vile kwenye ile barabara ya mashamba ya ngano. Jumapili hiyo kabla giza halijaingia tuling'oa nne, na zilizobaki tukazimaliza Jumatatu na Jumanne, mimi nikiwa majini na mnyororo, trekta la jirani likivuta kutoka ukingoni, na mama mkwe amesimama akionyesha kwa kidole moja baada ya nyingine. Alinipigia kelele kuliko M'Ikiara alivyowahi. Alisema nafunga mnyororo kama mtu anayefunga mzigo wa majani. Mwaka uliofuata nilianza kuwatembeza wafanyakazi wote chini, wa jikoni na wa ofisini, ili shamba la mtu lisibaki kwa aibu ya mtu mmoja. Wairimu, jibu lako ni hilo.

Lakini bado sijamaliza. Makena alipotolewa nyuzi, zikapita wiki mbili tatu, na Jumamosi moja asubuhi nikamwona akiingia langoni na mama yake. Nguzo tulikuwa tumezirundika kwenye nyasi kando ya banda, na waya umeviringishwa juu yake. Nilimwendea mama yake kumsalimia. Aliitikia salamu, akanipita, akaenda kwa mama mkwe wangu, aliyekuwa amesimama karibu na zile nguzo.

"Zilikuwa ngapi?" alimuuliza.

"Ishirini na mbili."

Mama Makena akainama kwenye lile rundo. Alihesabu akigusa kila nguzo kwa mkono, midomo ikitembea. Alipofika mwisho akazunguka upande wa pili akahesabu tena. Makena alikuwa amesimama na mfuko wake wa nguo, haangalii maji, anaangalia mkono wa mama yake.

Mama akajipangusa matope kwenye sketi.

"Haya," alimwambia mtoto. "Vaa jaketi."